Siku kumi na tisa za maziwa ndani ya mashine iliyozimika

Mashine ya kikundi niliiua mwenyewe, saa tatu usiku, blanketi mabegani, umeme umekatika tangu jioni. Nalitanguliza hili kwa sababu wiki nzima iliyofuata nilitafuta wa kumlaumu na sikumpata.

Mimi ndiye mshika kumbukumbu wa kituo chetu cha kukusanya maziwa huku Rungwe, upande wa juu ambako mwezi wa saba vidole havisikii kitu mpaka jua lipande. Mfugaji analeta kopo lake, maziwa yanapimwa kwa laktomita na alkoholi, lita zinahesabiwa, nami naingiza namba yake na kiasi alicholeta. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwenye kaunta buku. Baadaye nikaunga kompyuta ya mkononi: moduli ya Raspberry Pi CM4 (kompyuta nzima kwenye bodi ndogo ya kupachika), skrini ya inchi 5, kibodi ndogo ya kubonyeza kwa vidole gumba, na betri mbili za 18650 nilizozitoa kwenye betri ya laptop iliyokufa. Vyote vimo ndani ya kasha la plastiki lililofungwa kwa mpira. Inaendesha Linux, hesabu zinaingia kwenye SQLite, programu ya kutunza data, na mfugaji anaondoka na karisiti kadogo. Najua simu ingetosha. Wengi wameshaniambia.

Moduli yangu ni ile yenye namba CM4104032. Ukiijua namba hiyo kuisoma, inajieleza: 1 ni kwamba ina Wi-Fi, 04 ni gigabaiti 4 za RAM, 032 ni gigabaiti 32 za hifadhi ya eMMC. Hifadhi hiyo imechomelewa kwenye moduli yenyewe. Hakuna memori kadi ya kuchomoa ukaiweka kwenye laptop, na hilo ndilo lililoninyima usingizi baadaye.

Tatizo lilianza na wazo zuri. Nilitaka mashine iweze kuwaka kutoka kwenye flashi ya USB, ili siku mfumo ukiharibika alfajiri nichomeke flashi ya akiba, kazi iendelee. Mpangilio wa wapi pa kuwakia umo ndani ya butiloda, yaani ile programu ya kwanza kuamka umeme ukiingia. Kwenye Raspberry Pi za kale programu hiyo ilikaa kwenye memori kadi, faili tu kama mafaili mengine. Kuanzia Pi 4 ya mwaka 2019 ilihamishiwa kwenye chipu ndogo ya EEPROM yenye kilobaiti 512, na CM4 iliyotoka mwaka uliofuata imerithi hivyohivyo. Kwa hiyo kubadilisha mpangilio ni kuiandika upya chipu hiyo.

Kwenye Pi 4 ya kawaida amri ya rpi-eeprom-update inamaliza kazi: faili linawekwa pembeni, mashine inazimwa na kuwashwa, butiloda mpya inaingia. Kwenye CM4 amri hiyo inakataa. Njia inayopendekezwa ni kuunganisha moduli kwa waya wa USB na kompyuta nyingine, kisha kutumia programu ya rpiboot. Mimi niliona usumbufu. Nikasoma kwamba kuna mlango wa pembeni: unaongeza CM4_ENABLE_RPI_EEPROM_UPDATE=1 kwenye faili la mipangilio, unaongeza mistari michache kwenye config.txt, halafu programu ya flashrom inaiandika chipu wakati huohuo mfumo ukiendelea kufanya kazi. Sikujiuliza kwa nini mlango huo ulifungwa. Flashrom inafuta kwanza, ndipo inaandika. Umeme ukiyumba katikati, umebaki na chipu isiyo na cha zamani wala kipya.

Na umeme ulikuwa unayumba. Alama ya radi ya njano ilikuwa ikijitokeza kwenye kona ya skrini kwa wiki mbili nami nikaizoea, kama mtu anavyozoea mlango unaolia. Alama hiyo maana yake volti zimeshuka chini ya 4.63, wakati bodi inataka 5. Betri zilikuwa kuukuu, na baridi ilizimalizia: betri za lithiamu zikipoa ukinzani wake wa ndani hupanda, kwa hiyo ukizidai nguvu ghafla volti zinadondoka hata kama hazijaisha chaji. Nikabonyeza Enter. Mistari ikaanza kupita. Kisha skrini ikawa nyeusi.

Nikachaji kwa sola mpaka asubuhi. Taa nyekundu ikawaka, ile ya kijani ikakaa kimya. Taa nyekundu inakwambia tu kwamba umeme umefika. Ya kijani ndiyo hupepesa mashine inapoanza kusoma, nayo haikupepesa hata mara moja. Ndani humo mlikuwa na siku kumi na tisa za maziwa ya watu ambazo sikuwa nimezinakili popote, kwa sababu mazoea yangu yalikuwa kunakili kila mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ndipo watu hulipwa.

Mwenyekiti wetu ni mama mtu mzima, hapazi sauti. Alisikiliza, akaniuliza, “Mwanangu, risiti wamezitunza?” Wengine walikuwa nazo. Wengine watoto walishazichezea. Akaingia ndani, akatoka na kaunta buku jipya, akaliweka mezani mbele yangu bila neno.

Siku mbili baadaye nikapata mtu wa kunishikia zamu, nikapanda kosta ya Mbeya mjini. Ni kama kilomita 70, na kasha nilikuwa nimelipakata kama mtoto mgonjwa. Fundi simu wa kwanza, pale Kabwe, aliliangalia kwa dakika moja akasema bodi imeungua, akafikia bloa aipulizie moto. Nikamshika mkono. Simlaumu, kwake kila kitu kisichowaka dawa yake ni moto. Ila namshukuru Mungu niliwahi.

Aliyenisaidia ni kaka mmoja niliyesoma naye, sasa anafundisha umeme chuoni. Nilimpigia nikiwa nimekata tamaa, nikamwambia nimeiunguza CM4. Akauliza, “Umeiunguza au umeifuta?” Nikamweleza nilichofanya. Akacheka, akasema nimwone saa nane.

Alichonieleza ndicho ningependa mtu angeniambia usiku ule. Ndani ya kichakato chenyewe, chipu ya BCM2711, kuna ROM ambayo ilichongwa kiwandani na haiandikiki. Hiyo ndiyo inayoamka kabla ya butiloda. Ikiikuta EEPROM haina kitu cha maana, haifi. Inageukia kwenye waya wa USB na kusubiri mtu aipe cha kuendesha. Mashine yangu ilikuwa inasubiri tangu usiku ule, ila kwenye kasha langu tundu la USB lenyewe nililifungia ndani kwa gundi. Ufundi wangu huo.

Alikuwa na bodi ya IO ya CM4, yaani ile ya kupachikia moduli, wanayofundishia wanafunzi. Moduli inachomolewa kwa kuinyanyua sawasawa pande zote, usiibetue upande mmoja, maana viunganishi vyake viwili vina pini 100 kila kimoja na ni laini. Tukaipachika kwenye bodi, tukaweka jampa, kale kadude ka kuunganisha pini mbili, kwenye pini za J2 zile za kuzuia kuwaka kutoka eMMC, tukaunganisha waya wa micro-USB kwenye laptop yake yenye Linux, tukaipa bodi volti 12. Akaendesha rpiboot. Ikaandika kwamba inasubiri chipu. Tukasubiri nayo. Amri ya lsusb, inayoorodhesha vifaa vilivyounganishwa kwa USB, haikuonyesha kitu chochote.

Hapo ndipo moyo uliposhuka kabisa. Nilidhani basi, ROM nayo imekufa. Kaka akachomoa waya, akaupima kwa maltimita: nyaya mbili za umeme zinapitisha, mbili za data hakuna. Ulikuwa waya wa kuchajia tu. Akaleta wa pili, hivyohivyo. Mimi nikakimbilia Mwanjelwa, nikanunua watatu, muuzaji akiapa wote wanahamisha picha. Mmoja tu ndiye alisema kweli. Tulipouchomeka, lsusb ikatoa mstari wenye 0a5c:2711, namba anayojitambulisha nayo BCM2711 akiwa katika hali hiyo. Sijawahi kufurahia tarakimu kiasi kile.

Nilitaka tuandike butiloda palepale. Kaka akanizuia: “Kwanza maziwa ya watu.” Butiloda iko kwenye EEPROM, data iko kwenye eMMC, ni vyumba viwili tofauti, na kilichofutika ni kimoja. Rpiboot ina folda ya mass-storage-gadget ambayo inaifanya moduli nzima ijitokeze kwenye laptop kama flashi. Tukaiendesha, eMMC ikajitokeza, tukainakili yote kwa amri ya dd kuwa faili moja. Tulikunywa chai, tukala chapati, ikawa bado inanakili. Ilipomaliza tukafungua ile nakala, siyo eMMC yenyewe, nikaiuliza SQLite kwa PRAGMA integrity_check, amri ya kukagua kama data ni nzima. Ikajibu ok. Nikatafuta namba ya mzee mmoja anayeleta lita tatu kila siku bila kukosa, nikaziona zote zimepangana. Kuanzia hapo mikono ikaacha kutetemeka.

Kuandika butiloda kulikuwa na kituko chake. Folda ya recovery ina faili la boot.conf ambamo unaweka BOOT_ORDER, yaani mfuatano wa mahali pa kuwakia. Namba hii inasomwa kutoka kulia kwenda kushoto, tarakimu moja kwa kila mahali pa kujaribu. Usiku ule nilikuwa nimeandika 0xf14, kwa sababu nilisoma mahali kwamba 4 ni USB. Ni kweli kwa Pi 4. Ila kwenye CM4 ile USB ya ndani ya chipu yenyewe ni 5, hiyo 4 ni ya USB inayopitia kidhibiti cha PCIe ambacho mashine yangu haina. Yaani hata kama umeme usingeyumba, flashi yangu isingewaka. Tukaweka 0xf15: jaribu USB, kisha eMMC, kisha f inayosema rudi mwanzo.

Tukaendesha, haikukubali. Nilikuwa nimechukua faili la pieeprom.bin kutoka kwenye vitu vyangu vya usiku ule nikalibandika humo, bila kujua kwamba pembeni yake kuna pieeprom.sig yenye alama ya SHA256, kama alama ya kidole, ya faili la awali. Visipolingana, haiandiki. Tulifuta nililobandika, tukaendesha update-pieeprom.sh, ambayo inatengeneza faili pamoja na alama yake kutokana na boot.conf uliyoandika. Safari hii taa ya kijani ikaanza kupepesa haraka haraka bila kukoma, na skrini ya HDMI ikawa kijani tupu. Kaka akanipa mkono.

Tukazima, tukawasha. Giza. Tukatazamana. Dakika kama tano tulishuku kila kitu, mpaka mwanafunzi mmoja aliyekuwa amekaa nyuma akauliza kwa adabu, “Shikamoo mwalimu, hiyo jampa haitolewi?” Tulikuwa tumeiacha pale pale. Tukaitoa, mashine ikawaka.

Betri nilizipima jioni ile. Zikiwa zimetulia zilionyesha volti 3.9, ungesema nzima. Nilipoiwasha skrini na Wi-Fi kwa pamoja zikashuka hadi 3.1. Nikanunua mpya, na kibadilisha volti kinene zaidi. Kabla ya hapo amri ya vcgencmd get_throttled ilinirudishia 0x50000, maana yake tangu iwashwe volti zimewahi kushuka na kichakato kimewahi kupunguzwa kasi. Sasa inarudisha 0x0, nami naiangalia kila asubuhi kabla ya kopo la kwanza. Ule mstari wa mlango wa pembeni nimeufuta. Tundu la USB nimelikatia dirisha kwenye kasha, na waya uliosema kweli nimeufunga kwa mpira huohuo, haukopeshwi.

Nakala za data sasa zinakwenda kwenye flashi kila siku saa nne, tukishafunga. Wafugaji walilipwa siku yao. Yule mzee wa lita tatu alihesabu hela zake mara mbili, akasema ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akauliza kama mashine imepona homa.

Kaunta buku halikuondoka mezani. Mwenyekiti anataka kila ninachoingiza kwenye mashine nikiandike na humo, kwa kalamu, na baridi ile. Nilimweleza habari za nakala, eMMC na flashi. Akasikiliza mpaka mwisho, akanisogezea kalamu.