Nilivyoifungua lenzi yangu ya jicho la samaki na kuirudisha ikiona mbali

Lenzi za bei nafuu za jicho la samaki hulaumiwa kwa kutoona mbali vizuri, na wengi huamini vioo vyenyewe ndivyo vibovu. Nimeifungua yangu mpaka kioo cha mwisho na kuifunga tena, na sasa nina hakika kwamba kwenye lenzi fupi hivi, yaani za milimita chache, jambo la kuangalia kwanza ni vipete vyembamba vya shaba vinavyokaa chini ya pete ya nyuma, ile inayoshikana na kamera.

Yangu ni ya milimita 8, f/3.5, ya kuzungusha kwa mkono, haina mota wala chipu. Niliinunua ikiwa imetumika, kwa mpiga picha wa harusi wa Mombasa. Mimi hupiga picha za ndani ya matatu, zile nganya zenye michoro hadi darini na taa za kila rangi, na humo ndani hakuna pa kurudi nyuma. Lenzi inayoona nyuzi 180 kutoka kona hadi kona hukupa dari, viti na skrini kwa pigo moja. Lakini hii ilikuwa imeota kuvu kwa unyevu wa Pwani, pete ya fokasi ilikuwa nzito, na vitu vya mbali vilikuwa na utusitusi. Karakana moja mjini ilinitajia gharama iliyozidi bei niliyoinunulia. Nikaamua kuifungua mwenyewe.

Kabla ya kugusa skrubu yoyote, niliipima. Niliiweka kwenye alama ya mbali kabisa, apacha, yaani tundu la kupitishia mwanga, ikiwa wazi kwenye f/3.5, nikapanga chupa sebuleni kwa umbali tofauti. Iliyotoka safi ni ile iliyokuwa mita moja na robo. Hesabu yake ni nyepesi: milimita za lenzi, 8 mara 8, ni 64, gawanya kwa umbali wa chupa, milimita 1,250, unapata kama 0.05. Maana yake vioo vimekaa mbali na sensa, kile kibamba cha kamera kinachopokea picha, kwa milimita 0.05 zaidi ya inavyotakiwa. Kosa hilo hilo kwenye lenzi ya milimita 50 lingeifanya ione safi kwenye mita 50, na huenda mwenyewe asingeligundua. Ndiyo sababu lenzi fupi haisamehi.

Vifaa nilivipata Luthuli Avenue, hapa Nairobi, kwa wanaouzia mafundi wa simu: bisibisi ndogo, kibano, blowa ya mpira na chupa ya isopropili, alkoholi ya kusafishia. Nilikuwa naulizia spiriti ya kawaida, muuzaji akanikata kauli: "Hiyo ya zambarau achana nayo, boss. Itakuachia doa." Alisema kweli, ile rangi hubaki kwenye kioo.

Skrubu za pete ya nyuma zilikuwa zimegandishwa kwa rangi. Tone la asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, liliilainisha. Kisha ni kukandamiza bisibisi kwa nguvu na kuzungusha polepole. Kichwa cha skrubu kikilika, kazi imeharibika. Pete ilipotoka, vile vipete vya shaba vikaonekana, vitatu, vimelaliana. Nilivipiga picha kwa simu, nikaviweka kwenye bahasha kwa mpangilio wake.

Sehemu inayotaka utulivu zaidi ni thredi za fokasi. Zina milango kadhaa ya kuingilia, na ukirudishia kwenye mlango usio wake, lenzi itazunguka vizuri kabisa ila fokasi yake itakuwa kwingine. Kwa hiyo nilizungusha taratibu mno hadi vipande viwili vilipoachana, na pale pale nikakwaruza mstari kwa sindano kwenye vyote viwili. Grisi ya zamani ilikuwa imekauka na kuwa kahawia. Niliisugua yote, nikapaka mpya ya lenzi niliyokuwa nimeiagiza, kiasi kidogo sana. Grisi ya gari usithubutu: ikipata joto mafuta yake hutengana, yakatambaa hadi kwenye majani ya apacha na kuyanatisha.

Kioo cha mbele cha lenzi hizi kimevimba kwa sababu lazima kikunje mwanga unaotoka ubavuni. Maji hufanya kazi hiyo hiyo: mwaka 1906 mwanafizikia wa Marekani, Robert W. Wood, alitumia kamera iliyojazwa maji kuonyesha samaki anavyouona ulimwengu ulio juu yake. Kuvu yangu ilikuwa nyuma ya kioo hicho, nyuzi nyeupe zimetawanyika kutoka ukingoni. Niliifuta kwa pamba yenye haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa, halafu isopropili, kutoka katikati kwenda nje. Vioo vilivyogundishwa viwili viwili sikuvilowesha, maana gundi yake inaweza kuachia. Kila kioo nilikichora mshale wa penseli ubavuni kabla ya kukitoa, kwa kuwa pande zake mbili hufanana sana.

Vipete nilivipeleka Kariobangi Light Industries, kwa mzee anayekereza vyuma, kwa kuwa ana mikromita, kifaa cha kupimia unene mdogo. Alikibana kimoja, akasoma, akanitazama. "Hii ni nusu ya unene wa karatasi, kijana wangu. Unaifanyia nini?" Nilimweleza, akataka kuiona lenzi yenyewe, akaizungusha fokasi na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Vipete viwili vilisoma 0.10 na kimoja 0.05. Hicho cha 0.05 ndicho nilichokiacha nje.

Kuthibitisha, nilipanda juu ya paa la nyumba tunayoishi Pangani. Kwa milimita 8 huna haja ya kutafuta vilima vya Ngong. Jengo la ng'ambo ya barabara ni mbali tosha. Nilikuza picha kwenye skrini ya kamera hadi mwisho, apacha ikiwa f/3.5, na vyuma vya madirisha yake vikasimama kimoja kimoja.

Kuvu imeacha kovu dogo kwenye rangi ya kinga ya kioo, na hilo haliondoki. Nikielekeza lenzi kwenye jua hutokea duara hafifu upande wa kushoto. Ndani ya matatu halionekani. Kwenye f/8, apacha ikiwa imebanwa, sasa kila kitu kinatoka safi, tangu hatua moja mbele yangu hadi mwisho wa barabara, hivyo ninapokuwa kazini fokasi siigusi kabisa. Lenzi yenyewe naitunza kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na pakiti za silika za kunyonya unyevu.