Nilivyompatia binti yangu skolaship ya Jon Peterson hapa Ohio, pesa ya jimbo ya kumlipia mtoto mwenye ulemavu shule ya praiveti au huduma

Binti yangu alifika darasa la tatu hawezi kusoma sentensi fupi, na kila nikienda shuleni naambiwa mama vumilia, Kiingereza chake bado. Mimi nakataa, maana hata herufi za Kiswahili nikimfundisha nyumbani kesho yake kasahau, na mdogo wake tuliyefika naye Columbus siku hiyohiyo anasoma vizuri tu, sasa lugha inakuwaje ndo sababu?

Nikaandika barua, tarehe na sahihi, naomba mtoto apimwe kama ana ulemavu wa kujifunza. Andikeni jamani, msiombe kwa mdomo! Ohio wakipokea ombi wana siku 30 za kukujibu, na ukisaini kukubali wana siku 60 wamalize vipimo. Sheria ya IDEA, ile ya Marekani nzima ya elimu ya watoto wenye ulemavu, inataka mtoto apimwe kwa lugha anayoielewa na mzazi awekewe mkalimani bure kwenye miting, sio mtoto wako mkubwa ndo akutafsirie. Nilidai vyote viwili. Majibu yakaja ni disleksia, yaani ulemavu wa kujifunza kusoma, haitokani na Kiingereza, nikalia kwa nafuu maana watu walishaanza kumwita mvivu.

Ndo tukapata IEP, ule mpango wa elimu wa mtoto, na bila huo kutoka distrikti (uongozi wa shule za serikali) ya unakoishi hii skolaship huipati hata uwe na barua ya daktari. Programu ilianza mwaka wa shule 2012-2013 (wenye otizimu wana yao nyingine, ya zamani zaidi). Pesa hupewi mkononi, inaenda kwa shule au mtoa huduma aliyesajiliwa, na kiasi kinategemea aina ya ulemavu, sisi wa matatizo ya kusoma tuko ngazi za chini kwa hiyo ada ikizidi unaongeza mwenyewe. Maombi yanatumwa na shule, basi nikaanza kuzunguka kutafuta shule na kote nauliza swali moja, nani atamfundisha kusoma na amesomea nini? Wengi walinionyesha majengo. Mmoja akaniambia mama ingia darasani ukae uone, nikachagua hapo.

Kilichoninyima usingizi ni kusaini. Ukipokea skolaship, distrikti haina tena wajibu wa kumpa mwanao elimu maalum ya bure inayomfaa, na shule ya praiveti hailazimiki kumpokea. Hilo linaandikwa kwenye karatasi na watu wanalipita haraka. Nilitaka nisomewe kwa Kiswahili taratibu, nikauliza, na nikimrudisha shule ya serikali? Nikajibiwa haki zinarudi. Hapo nikasaini.

Sasa ananisomea barua zinazokuja nyumbani, polepole, kidole kwenye mstari. IEP bado distrikti inaipitia kila mwaka, na mkalimani wa miting ijayo nimeshamwomba, kwa maandishi.