Elfu nane, kwa Kiingereza

Jana usiku kitinda mimba wangu alikuwa sakafuni na kazi zake za likizo, anasoma hesabu kwa ile sauti ya darasani: "Mfanyabiashara alinunua vikapu 12 kwa shilingi 8,000 kila kimoja, akaviuza kwa shilingi 15,000 kila kimoja. Tafuta faida."

Wa pili alikuwa jikoni kwenye mbuzi, anakuna nazi. Akaanza kucheka mpaka nazi ikamshinda.

"Muulize mama," akasema. "Hesabu hiyo tulishaifanya mjini, wewe hata hujui kutamka chako."

Nikajifanya sikusikia. Lakini usingizi ulichelewa kuja, maana nilijua anasema siku gani.

Ilikuwa kaskazi ya 2016. Wa pili wangu ni mtu wa mdomo. Wakati ule alikuwa na miaka tisa na mdomo ulikuwa huo huo. Mkubwa alikuwa keshaanza kujiona baba wa nyumba, na huyu mdogo bado yuko nyongani, hashuki. Baba yao alikuwa dago, kambi ya wavuvi. Mkwe wangu alikuwa amekwenda Wete kwenye arusi, na arusi za Pemba nazo mnazijua, mtu akienda hamuulizi atarudi lini.

Desemba kwetu ni hivi: shule zinafungwa na hoteli zinajaa, vyote kwa wiki moja. Mwezi mwingine wowote, watoto wakishatoka kwenda skuli nina asubuhi yangu nzima. Likizo ikiingia, hii ya maembe, nyumba inageuka. Huyu kaanguka mwembeni, huyu kamfungia mwenziwe chooni, wote wana njaa na saa nne haijafika. Na hapo ndipo simu inapolia, mwenye duka wa mjini Unguja anayenunua mikoba ninayosuka kwa ukindu: "Bi mkubwa, wageni wameshaanza kuingia. Niletee mikoba ishirini kabla ya Krismasi."

Huwezi kumwambia ngoja watoto wafungue. Wakifungua wao, wageni nao wanapungua.

Jua la kaskazi lina pande mbili. Ukindu ukiuanika unakauka upesi, mweupe mzuri, unashika rangi ukichemshwa. Ila kuusuka mchana ni taabu, chane, yaani ukindu uliochanwa, zinakauka mkononi na kukatika. Kwa hiyo nilikuwa nasuka baada ya Alfajiri, halafu tena baada ya Isha, chane zimo ndani ya kitambaa kibichi na mimi nimo gizani. Nikawatia watoto kazini. Mkubwa akawa anachana, huku analalamika kwamba kazi ya kike hii wenziwe wakimwona itakuwaje. Wa pili akasuka ukili, ule mkanda wa chane, mwembamba wa kupitisha mdomoni mwa mkoba, na alikuwa na mkono mzuri kuliko wangu, nasema kweli. Mdogo alikuwa anakula chane.

Kuwapata wakae hivyo niliwaahidi Forodhani, bustani ya pwani pale mjini. Siku ya kupeleka mzigo tutakwenda wote, tutakula urojo, tutalala kwa mama yangu mdogo Michenzani, kesho yake turudi. Hata bila ahadi wangenifuata tu. Ningewaacha na nani?

Mikoba ikatimia ishirini kasoro mmoja, wa mwisho ulikuwa haujatiwa bitana. Tukaijaza kwenye viroba viwili, tukapanda gari ya asubuhi, viroba juu ya paa, mdogo mapajani. Tukateremka Darajani jua limeshakuwa kali. Tukaingia vichochoroni.

Duka lenyewe sitalitaja, lipo na mwenyewe yupo. Ni moja ya yale ya mtaa wa Gizenga, Mji Mkongwe, milango miwili, nje picha za tingatinga zimetundikwa mpaka huoni ukuta. Mwenye duka alitukaribisha vizuri, akatoa kigoda, akaanza kukagua. Ana namna yake ya kukagua. Anaushika mkoba mmoja mmoja, anaugeuza ndani nje, anapitisha kidole kwenye mshono pale shazia ilipopita, anavuta mikono kwa nguvu kama anayemtoa punda shimoni, halafu anauweka kulia au kushoto. Kulia umepita. Kushoto hasemi kitu. Mimi macho yangu yote yako kwenye vidole vyake.

Ndiyo maana sikumwangalia wa pili. Nilimsikia tu.

"Mama, hii S iliyopigwa mstari ni nini?"

"Dola."

"Dola moja shilingi ngapi?"

"Elfu mbili na mia na kitu."

Nilimjibu kama unavyomjibu mtoto ukiwa na shughuli. Nilipogeuka nikamwona kasimama mbele ya rafu, kashika kibandiko cha bei cha mkoba mmoja wa zambarau, midomo inacheza. Kumbe anazidisha. Na ule mkoba nikaujua hapo hapo, ulikuwa wangu, wa mzigo wa Agosti.

Wakaingia wageni, mke na mume, na papasi wao, yule wa kuwatembeza wageni madukani, nyuma anawasifia duka. Yule mwanamke akaenda moja kwa moja kwenye rafu, akautwaa ule ule wa zambarau, akautia begani, akajitazama kiooni. Ulimkaa. Akauliza bei.

"Dola 25," akasema mwenye duka, bila kuacha kuvuta mikono ya wangu mwingine.

Mwanamke akauliza jambo jingine, na hilo hata mimi nililielewa, maana wote huliuliza: kama umetengenezwa kwa mkono.

Na hapo mwanangu akamjibu. Kwa Kiingereza cha shuleni, neno moja moja, kakaza shingo kama yuko mbele ya mwalimu mkuu. Akamwambia mkoba huu kausuka mama yangu. Mama yangu yule pale. Yeye anauza elfu nane. Na kwa kuwa hakuwa na hakika kwamba elfu imefika, akanyanyua mikono miwili na kumwonyesha vidole vinane.

Yule mwanamke akavitazama vidole. Kisha akanitazama mimi, nimekaa kigodani, mtoto kanikojolea buibui upande mmoja, viroba miguuni. Mumewe akatabasamu, yale matabasamu ya mtu anayesubiri kuona itakuwaje. Papasi akanitolea macho. Naye ana haki yake. Bei ile ya rafuni fungu lake limo ndani, na sasa analiona linaondoka mlangoni. Mwenye duka kidole kikasimama kwenye mshono.

Mwanamke akasema kitu kirefu. Papasi akanigeukia, kauma meno: "Anauliza, wewe mwenyewe utamuuzia ngapi?"

Watu husema katika hali kama hiyo mtu hupigwa na butwaa. Mimi sikupigwa na chochote, nilikuwa naona kila kitu waziwazi. Niliona mikoba kumi na kitu imelala upande wa kulia. Niliona kwamba nikisema ishirini elfu tu, huyu mama atanunua miwili hapa hapa na atafurahi kama aliyeokota. Na niliona mwezi wa tano, masika, mvua haikatiki, hoteli nusu zimefungwa, mimi nimesimama mlango ule ule nimekuja kuomba arubuni ya sare za shule, na mtu huyu huyu kanipa bila kuandika. Hilo la arubuni mwanangu alikuwa halijui. Kodi ya duka pia halijui, wala fungu la papasi. Alijua nane, na alijua hamsini na mbili na nusu, maana ndizo zilizotoka kwenye hesabu yake.

Nikasema: "Mwambie bei anaijua mwenye duka."

Papasi akatafsiri. Alichosema kilikuwa kirefu mno kuliko nilichosema mimi, na mpaka leo sijui kilikuwa nini, ila yule mwanamke alicheka, akaurudisha mkoba rafuni, akampapasa mwanangu kichwani, akanunua pakiti ya viungo. Wakatoka.

Mwenye duka akamaliza kukagua. Hakunikata hata senti. Akahesabu noti, akanipa, akasema kwa upole, na upole ndio uliniuma:

"Bi mkubwa, siku nyingine watoto waache nyumbani."

"Nyumbani kuna nani?"

Akawatazama wote watatu. Akafungua mtoto wa meza, akawapa pipi. Mkubwa moja, mdogo moja, wa pili mbili. Zile mbili zimenisumbua akili. Kama ni za kumpongeza au za kumfunga mdomo, mwenyewe anajua.

Nje, kichochoroni, akaniuliza pipi iko shavuni:

"Mama, nilikosea hesabu?"

"Hukukosea."

"Sasa mbona yule wa mlangoni kanuna?"

"Kwa sababu umesema," akadakia kaka yake.

"Kwani ilikuwa siri?"

Mkubwa akanitazama mimi nijibu. Nikawaambia watembee, jua kali.

Forodhani tulikwenda. Urojo, juisi ya muwa iliyotiwa tangawizi na ndimu, na mkubwa kutaka kujitupa baharini pale ukutani pamoja na vijana wa mjini na mimi kumwambia ukijitupa usirudi kwangu. Michenzani tulilala wanne godoro moja. Basi.

Hesabu ile nilijaribu kuifanya baadaye, kwa haki, niijue mimi mwenyewe. Ukindu una bei. Rangi ina bei, bitana ina bei, ngozi ya mikono fundi anakutajia. Nikafika kwenye ukili nikakwama. Mkoba unakula pima kadhaa za ukili, sawa, lakini pima hizo nilizisuka saa ngapi? Nilisuka wali uko motoni. Nilisuka mtoto ananyonya. Nilisuka kwenye arubaini ya jirani, kwenye baraza ya shoga yangu, garini, hospitali nikisubiri kuitwa. Ningemwambia mkwe wangu mkoba mmoja unanichukua siku nne angenicheka: siku nne zipi, hizo ulizopika na kufua? Mkono unakwenda huku mdomo unazungumza, na kazi inayokwenda hivyo nani ataiita kazi? Lakini ndiyo iliyoniwezesha kulea na kupata changu bila kuomba ruhusa. Pengine kwa sababu hiyo hiyo ndiyo ikakaa kwenye elfu nane. Au pengine ni kwa kuwa tunaosuka tuko wengi tu, na nikikataa mimi yuko wa nyumba ya pili. Siku nyingine nashika hili, siku nyingine lile.

Kaskazi iliyofuata yule bwana alinipa elfu kumi, sikumuomba. Alisema ukindu umepanda. Mkubwa anasema ni kwa sababu nilianza kutia zipu. Wa pili hana shaka hata kidogo kwamba ni yeye.

Siku hizi yuko chuo, na akija likizo anaiuza mikoba yangu kwenye simu. Anaipiga picha ukutani asubuhi jua halijawa kali, anaandika elfu arubaini, watu wanauliza bei ya mwisho, anaacha kuwajibu mpaka wapoe. Mimi tumbo linaniuma. Yeye analala.

Na yule wa Gizenga bado tunafanya kazi. Juma lililopita kapiga, anataka thelathini. Wa pili kasikia, anasema nimtajie ishirini na tano elfu, asipotaka aache. Nikamwambia kama ni rahisi hivyo apige yeye. Akachukua simu akatoka nayo uani. Walizungumza sana, na nikamsikia anacheka, sijui naye anacheka upande wa pili. Aliporudi nikamuuliza mmekubaliana ngapi.

"Wewe suka tu, mama."