Kima Amefika Korea, Mawenzi Hajatoka Moshi

Wiki hii nimeshinda na kima mmoja tu kichwani. Yule wa kwenye mkuyu ulioota baharini, aliyekuwa akimrushia matunda rafiki yake papa, mpaka siku papa alipomwambia panda mgongoni, twende kwetu ukatembee. Walipofika katikati ya maji ndipo akamfunulia: sultani wetu anaumwa, na dawa yake ni moyo wa kima. "Ungesema mapema!" kima akajibu. "Sisi tukitoka, mioyo tunaiacha mtini. Nirudishe nikauchukue." Mengine mnayajua.

Huku Moshi ilinifikia kama hadithi ya pwani, na pwani ipo kweli: mmishonari Mwingereza Edward Steere aliichapa mwaka 1870 pamoja na nyingine alizozikusanya Unguja. Lakini kima huyu ana ndugu. India, katika Panchatantra, mkusanyo wa kale wa ngano, anayembeba ni mamba, na anayeutamani moyo ni mke wa mamba. Ngano hizo zikaingia Kiajemi, kisha katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akazitia katika Kiarabu, kitabu cha Kalila na Dimna, na humo mamba amekuwa kobe. Korea kobe yupo vilevile, ila abiria ni sungura, na kinachotakiwa ni ini, la kumponya mfalme wa bahari. Hata huko mfalme anaumwa!

Wanyama wanabadilishwa, kiungo kinabadilishwa, uongo unabaki uleule. Nadhani ndio unaoisafirisha. Mnyonge amekwisha kupanda mgongo wa mwenye nguvu, nchi kavu haionekani, hana kucha wala meno ya kumsaidia. Amebakiwa na ulimi. Sijui bandari ambayo watu wake hawatamwelewa.

Sasa chukua ya kwetu Uchagani, ya Kibo na Mawenzi, vilele viwili vya Kilimanjaro. Mawenzi, mvivu wa kutunza jiko, kila mara moto ukimzimikia anakwenda kwa Kibo kuomba kaa. Kibo akachoka, akamtwanga mchi, na ndiyo maana mmoja amekaa mviringo na mwenzake amechongoka hovyo. Hadithi tamu, lakini mfanyabiashara gani angeipakia jahazini? Angelazimika kuubeba na mlima. Msikilizaji asiyeiona ile mita 5,895 ya Kibo karibu na 5,149 ya Mawenzi anapewa ugomvi wa majirani, basi.

Wanaokusanya ngano za dunia hupenda zile zinazofanana, maana zinapangika vizuri. Mimi hizi zisizohama ndizo zinanitia wasiwasi. Kima hata tukimsahau, Wakorea wana sungura wao. Mawenzi tusipomsimulia sisi wa huku chini, hana pa kwenda.

Nimeanza na mpwa wangu, ambaye mawingu yakifunguka asubuhi huuona ushahidi wote akienda shule. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza kwa nini Mawenzi hakununua kiberiti. Nikamwambia enzi hizo havikuwepo.

"Basi Kibo ana roho mbaya. Kaa moja tu!"

Mimi pia niko upande wa Mawenzi.