Ncha Mbili, Tufani Moja ya Sumaku

Kuna usiku mmoja ambao siku hizi hauniondoki akilini: tarehe 16 Septemba 1770. Merikebu Endeavour ilikuwa karibu na Timor, na Joseph Banks, mtaalamu wa mimea aliyekuwamo, akaandika katika shajara yake kuhusu mwanga wa wekundu hafifu uliotanda angani. Usiku uleule, huko China, watu waliona mbingu ya kaskazini inawaka, nao wakaandika. Hakuna aliyejua habari za mwenzake. Ikapita zaidi ya karne mbili kabla ya watafiti kuziweka kumbukumbu hizo pamoja.

Sababu ya anga kuwaka kusini na kaskazini usiku uleule haina uchawi. Mistari ya uga wa sumaku wa dunia, yaani eneo la nguvu za sumaku linaloizunguka dunia, hutoka ardhini kusini, hupaa angani maelfu ya kilomita, kisha huzama kaskazini. Upepo wa jua, yaani mkondo wa chembe zenye umeme zitokazo kwenye jua, ukiutikisa uga huo, mawimbi na elektroni husafiri kwa kufuata mistari na kushuka pande zote mbili. Sindano za dira huyumba huku na kule, na aurora, ile mianga ya rangi angani, huwaka kusini na kaskazini.

Kituo cha Wajapani cha Syowa, Antaktika, kina pacha wake Aisilandi, kwenye mguu wa pili wa mistari ileile, yaani pale inapogusa ardhi upande wa kaskazini. Ila kuziona aurora zote mbili kwa pamoja kunataka giza pande zote kwa wakati mmoja, na hilo hupatikana karibu na Machi na Septemba tu, usiku na mchana vinapolingana. (Magnetometa, vyombo vya kupima uga wa sumaku, hazina shida hiyo, zenyewe hupima mchana na usiku, mwaka mzima.)

Kinachonivutia zaidi ni pale mapacha wanapotofautiana. Tarehe 12 Mei 2001, setilaiti IMAGE na Polar zilipiga picha aurora za pande zote mbili kwa pamoja. Kaskazini doa kali la mwanga lilikuwa upande wa alfajiri, yaani upande wa dunia kunakopambazuka. Kusini lilikuwa upande wa jioni, kunakokuchwa. Kaskazini jua lilikuwa linaangaza sana na kuongeza uwezo wa angahewa ya juu kupitisha umeme, kusini ni majira ya baridi, kwa hiyo mikondo ya umeme haikuwa sawa. Isitoshe, uga wa sumaku unaobebwa na upepo wa jua ukielemea mashariki au magharibi, miguu ya mistari nayo husogezwa. Kwa hiyo pacha wa Syowa hana makazi ya kudumu: usiku mmoja yupo Aisilandi, usiku mwingine amehama mamia ya kilomita, na wenye kamera wanabaki kumtafuta.