Usiku wa kifungu cha 39, Wete

Ilikuwa Ramadhani ya 2010, baada ya tarawehe. Mwakilishi mmoja wa CUF, chama cha upinzani, alikuja kukaa na watu kwenye barza moja mjini Wete, Pemba. Jina silitaji. Miaka tisa nyuma alikuwa miongoni mwa waliokimbilia Shimoni, Kenya, kwa mashua, baada ya watu kupigwa risasi kwenye maandamano ya Januari 27, 2001. Vijana walitaka habari za mashua. Aliwaambia tu kuwa kaskazi ilivuma ubavuni na maji ya kunywa yaliwaishia njiani, kisha akafungua karatasi: marekebisho ya kumi ya Katiba ya Zanzibar ya 1984, yaliyopita Agosti hiyo kwenye Baraza la Wawakilishi, chombo cha kutunga sheria cha Zanzibar.

Mzee mmoja akamkabili mapema. "Mheshimiwa, muafaka wa 1999 tumeuona, wa 2001 tumeuona. Huu una nini?"

Hapo ndipo Mwakilishi alipokuwa hodari. Miafaka ile, alisema, ilikuwa maandishi baina ya vyama viwili, CCM na CUF. Chama kikijikokota, hapana pa kukishitaki. Mazungumzo ya tatu yalikwama Butiama Machi 2008, CCM iliposema wananchi waulizwe kwanza kwa kura ya maoni. CUF ikakataa, ikiona ni kupotezewa wakati. Na kura hiyo hiyo ndiyo iliyokuja kufungua mlango: Rais Karume na Maalim Seif wa CUF wakakutana Novemba 5, 2009, Mwakilishi Abubakar Khamis Bakary wa CUF akapeleka hoja binafsi Barazani Januari 2010, na Julai 31 asilimia 66.4 wakasema ndiyo.

Lakini ndiyo ya wananchi haibadilishi Katiba. Mswada wa kuibadilisha unataka theluthi mbili ya wajumbe wote wa Baraza, si ya waliohudhuria, kwa hiyo asiyekuja siku hiyo ni sawa na aliyekataa. Majimbo yalikuwa 50, ya Pemba 18. Hata Pemba nzima ingesimama mtu mmoja, bila ya viti vya CCM hakipiti kitu. Ndiyo maana, alisema, kazi ya mageuzi alikuwa akiifanya kwenye chai na wajumbe wa upande wa pili, mmoja mmoja, na hotuba kali akaziacha. Baadhi ya wenziwe walimwita msaliti kwa hilo. Mimi naona ndiyo siasa yenyewe, ingawa haipigiwi makofi.

Kisha akaingia kwenye kifungu cha 39. Makamu wawili. Wa Pili anatoka chama cha Rais na ndiye msimamizi wa shughuli za serikali Barazani. Wa Kwanza anatoka chama kilichoshika nafasi ya pili kwa kura za urais, naye ni mshauri mkuu wa Rais. "Mshauri," alirudia, akatuacha tuipime wenyewe. Mawaziri wanagawanywa kwa uwiano wa viti vya majimbo. Na kifungu cha 80A kinazuia mambo haya kuondolewa bila ya kurudi tena kwa wananchi kwa kura ya maoni. Hicho alikisifu kuliko vyote, kwa sababu aliona ndicho kilichokosekana 1999 na 2001.

Penye alama ya kalamu nyekundu palikuwa na sharti la asilimia kumi ya kura za urais. Mshindi wa pili asipoifikia, nafasi inakwenda kwa chama cha pili kwa viti vya majimbo. Kijana mmoja akauliza: na chama kikisusia, kikakosa kura na viti pia? Mwakilishi alisema kifungu hakina jibu la hilo, kwa kuwa walioandika walidhani vyama vyote viwili vitakuwa uwanjani daima. Akaulizwa pia nani atakuwa mpinzani Barazani wote wakishaingia serikalini. Hapo alizungukazunguka, na sikumwona akijibu vizuri.

Kwenye uchaguzi wa Oktoba 31, Shein wa CCM alipata asilimia 50.1 na Maalim Seif 49.1, na Maalim akawa Makamu wa Kwanza. Swali la kijana lilisubiri hadi 2016. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifutwa, CUF ikasusia marudio ya Machi 20, Shein akatangazwa kwa asilimia 91.4, na ofisi ya Makamu wa Kwanza ikakaa bila ya mtu mpaka Desemba 2020, Maalim Seif alipoapishwa tena, safari hii kwa tiketi ya ACT-Wazalendo.