Siku moja mezani kwangu na simu inayojizima ikijisikia

Saa 1:40 asubuhi

Sijashika hata bisibisi, simu yangu inaita. "Fundi, simu yangu ina jini. Kila usiku saa 9 inajizima na kujiwasha yenyewe." Saa 9 kamili? "Kamili, haikosei." Nikamwambia aingie kwenye Mipangilio, atafute sehemu inayohusu simu kujiwasha upya yenyewe. Kimya kidogo, kisha nikamsikia anacheka. Simu nyingine zina mpangilio huo: unazipangia siku na saa, zinajizima na kujiwasha wakati mwenyewe umelala. Jini limetoka bila fundi kugusa kitu.

Siyo kawaida siku kuanza kwa wepisi hivi. Katika magonjwa yote ya simu, hili la kujirestati ndilo linaloninyima raha. Kioo kikipasuka unakiona. Simu isiyopokea chaji unajua pa kuanzia. Hii ni kama mtoto aliyelia usiku kucha, ukimfikisha kwa daktari anacheza.

Saa 2:15 asubuhi

Mama mmoja wa umri wa mama yangu kaleta simu iliyovaa kava la ngozi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hii simu inajizima ikijisikia. Nimechoka nayo."

Nina maswali yangu ambayo humuuliza kila mtu. Imeanza lini, imeingia maji, imeanguka, na la mwisho ambalo ndilo kubwa: inajizima ukiwa unafanya nini?

"Haijaanguka hata siku moja," akasema. Kwenye kona ya chini fremu ina kovu la wazi, lakini sikubishana naye. Kuhusu swali la mwisho alinijibu bila kufikiri: "Nikiwa njiani. Ikiwa mezani haina neno." Nikaandika daftarini: *njiani*.

Nilipoivua kava nikaona mgongo umeshawahi kufunguliwa. Gundi imefurika pembeni na kukauka kama machozi. "Kuna fundi amepita humu, mama. Angalia kazi hii. Watu wengine wanafungua simu za watu kama wanaziba pancha." Mama akaitikia tu. Simu kaachiwa na mwanawe, hajui ilikotoka wala ilikopita.

Kabla ya yote nikahamisha picha na namba zake kwenye diski yangu. Wapo mafundi ambao dawa yao ya kwanza ni kufuta kila kitu na kuirudisha simu kama ilivyotoka kiwandani. Dawa hiyo ipo, na mimi naitumia, lakini mwisho kabisa. Ukianza nayo na ugonjwa ukawa wa kwenye waya, umempotezea mtu picha za miaka na simu bado inajizima.

Nafasi ilikuwepo ya kutosha, zaidi ya nusu ya hifadhi ilikuwa tupu. Hakukuwa na memori kadi ya kushuku. Nikabonyeza kitufe cha pawa, nikashikilia neno "Zima" mpaka ikaniuliza kama nataka kuingia hali salama. Ndani ya hali salama, programu zote ulizopakua mwenyewe zinalala, zinabaki zilizokuja na simu. Ikitulia humo, mshukiwa wa kwanza ni programu mojawapo. Ikiendelea kujizima, mara nyingi tatizo liko kwenye mfumo wenyewe au kwenye vyuma. Nikailaza pembeni ya meza na kuendelea na wengine.

Saa 3:30 asubuhi

Kijana analalamika kwamba simu yake inajizima akipiga picha usiku. "Nayo ina asilimia 34!"

Huyu nilimjua kabla hajakaa. Nikaifungua, nikaweka ncha za mita ya kupimia umeme kwenye konekta ya betri, pale betri inapochomekwa kwenye bodi. Simu ikiwa imetulia, volti 3.78. Nikawasha kamera, ikashuka 3.6. Nikamwambia apige picha na flashi. Mita yangu haina kasi ya kukamata kila kitu, lakini sote wawili tuliona namba zikitelemka hadi 3.2, kisha skrini ikafa. Ilipowaka tena ikaonyesha asilimia 31, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Namba ile ya asilimia ndiyo inayowachanganya watu. Inakisia umeme uliobaki ndani, haisemi betri ina nguvu gani ya kuutoa. Betri ya litiamu ikizeeka, ukinzani wake wa ndani unapanda. Ni kama tangi lenye bomba lililojaa kutu: maji yamo, lakini ukifungua koki mbili kwa pamoja yanatoka matone. Flashi, kamera na prosesa, yaani ubongo wa simu, vikivuta kwa mpigo, volti zinaanguka chini ya kiwango ambacho simu inaweza kuishi nacho, na saketi ya umeme inakata.

Mwaka 2017 Apple walikiri hadharani kwamba walikuwa wanapunguza kasi ya baadhi ya iPhone zenye betri zilizochoka ili zisizimike ghafla. Watu walikasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika kwa kutoambiwa. Kama fundi, ile hesabu niliielewa: prosesa ikikimbia polepole, haivuti kwa mpigo.

Betri mpya, tukapiga picha kumi na flashi, akaenda zake. Ile ya zamani ilikuwa imeanza kuvimba katikati. Nikaitia kwenye debe la mchanga.

Nikaitazama simu ya mama. Saa nzima ndani ya hali salama, haijakohoa. Nikaitoa humo, nikaiacha ifanye kazi kama kawaida, video inacheza, mwanga umepandishwa mpaka juu.

Saa 5:05 asubuhi

iPhone iliyoingia maji wiki mbili zilizopita. Mwenyewe anasema inajizima "kila mara". Nikaiwasha na kuweka saa. Dakika 3, ikajiwasha upya. Tena, dakika 3. Mara ya tatu vilevile.

Hapo nikatabasamu. Inayojizima ovyo inaweza kunizungusha siku mbili. Inayojizima kwa saa imeshajisema yenyewe. Ndani ya simu hizi kuna vihisi vya joto sehemu kadhaa, na vingine vimekaa kwenye fleksi, zile nyaya bapa za kitufe au za tundu la chaji. Mfumo unavisubiri viripoti. Kimoja kikinyamaza, baada ya dakika 3 mlinzi wa mfumo anaamua kwamba hali si salama na anawasha simu upya. Kisha anasubiri tena dakika 3.

Ukiwa na haraka ya vidole unaweza kusoma ushahidi kabla haijazima. Ndani ya mipangilio ya faragha, kwenye takwimu za simu, kuna mafaili yanayoanza na *panic-full*. Nilifungua la karibuni. Limejaa maandishi ya kumtoa mtu jasho, lakini katikati yake nikalikuta jina la *thermalmonitord*, ndiye mpokeaji wa ripoti za joto, na karibu naye kifupi cha kihisi kilichokosekana. Nilipofungua, fleksi ya chaji ilikuwa na ukungu wa kijani kwenye mizizi yake. Nikabadilisha. Dakika 3, dakika 10, dakika 20. Imetulia.

Saa 7:20 mchana

Binti mwanafunzi, simu inajizima kila baada ya muda mfupi tangu Jumamosi. Hali salama: kimya kabisa. Tukatoka, tukaanza kuondoa programu kwa kurudi nyuma kuanzia iliyopakuliwa karibuni. Ya pili tu ndiyo ilikuwa mchawi, programu ya "kuongeza kasi ya simu" aliyoipata kupitia kiungo alichotumiwa. Sijawahi kuona programu ya aina hiyo ikiongeza kasi ya kitu chochote zaidi ya matangazo.

Akaniuliza kama picha nayo inaweza kuharibu simu. Nikamwambia ilishatokea. Mwaka 2020 kuna picha ya ziwa na mawingu ilizunguka mitandaoni, na ukiiweka kama mandhari ya skrini kwenye baadhi ya simu za Android 10, simu inajiwasha upya bila kukoma. Picha ilikuwa nzuri tu, haina virusi. Ilibeba rangi za mfumo mpana kuliko kawaida, hesabu ya mwangaza ikavuka 255, na programu inayochora skrini haikuwa imejiandaa kwa namba ya juu ya hapo. Inaanguka, simu inawaka, inaisoma picha ileile, inaanguka tena. Binti akaanza kuikagua mandhari yake. Ilikuwa paka.

Saa 8:30 mchana

Simu ya mama imecheza video saa nne na haijajizima hata mara moja.

Nikarudi kwenye daftari. *Njiani.* Asubuhi nilishalitafsiri neno hilo kichwani: njiani maana yake mtandao hafifu, simu inapaza sauti kuutafuta mnara, redio inavuta umeme mwingi, jua nalo linapiga. Kwa hiyo betri. Nikazima Wi-Fi, nikaiacha itumie laini, nikaifunika kwa foili ili mtandao upungue, nikapiga simu, nikarudisha video. Ikapata joto la kawaida. Asilimia zikashuka taratibu, hakuna kuruka. Betri nzima kabisa!

Nikakagua kitufe cha pawa, maana kitufe kilichonasa kinaweza kuizima simu na kuiwasha bila kukoma. Kinabonyea na kurudi vizuri. Nikaivisha kava nione kama linakikandamiza. Hapana.

Nakiri nilianza kumwona mama kama anaonea simu ya watu.

Saa 9:50 alasiri

Nilikuwa naisogeza ili nipate nafasi ya mashine ya hewa moto. Ikaniteleza. Siyo kuanguka hasa, ilishuka sentimita mbili hivi juu ya mkeka wa silikoni. Skrini ikawa nyeusi. Kisha nembo.

Nikasimama. Nikaiacha iwake mpaka mwisho, nikaigonga mgongoni kwa ncha ya kidole, upande ambapo betri inakutana na bodi. Nyeusi. Nembo.

Njiani. Mkobani, hatua baada ya hatua, simu inagongana na funguo. Mama alinipa jibu saa 2:15 asubuhi na mimi nikaligeuza kuwa somo la minara.

Saa 10:15 alasiri

Hewa moto pembezoni mwa mgongo mpaka gundi ikalegea, kipande cha plastiki kikapita taratibu pande zote nne. Nikafunua.

Konekta ya betri huwa inafunikwa na kibati cha chuma, kidogo kama ukucha wa mtoto, kinachobanwa na skrubu mbili. Kazi yake ni moja tu: kuizuia konekta isiinuke. Hapa kibati hakikuwepo. Matundu mawili ya skrubu yalikuwa matupu, na konekta yenyewe imeinuka upande mmoja kwa unene wa unywele. Umeme unapita, ndiyo, mpaka simu itikisike. Unakatika kwa nukta moja, na kwa simu hiyo inatosha.

Nikaanza kumtukana fundi yule kwa sauti. Kuacha kibati! Hata skrubu moja asirudishe! Kisha nikaiinamia betri kuangalia kama alau aliweka ya maana.

Juu yake kuna maandishi ya kalamu ya wino mzito: *14/3*. Chini yake, namba ya kazi: 27, saba yake imekatwa kijistari katikati.

Mimi ndiye ninayekata saba zangu kijistari.

Nikavuta daftari la Machi. Tarehe 14, kazi ya 27, aina ya simu ni hiihii, jina ni la kijana. Betri, imelipwa. Siku hiyo nina kazi tisa kwenye ukurasa mmoja, mwandiko unazidi kuinama kadiri unavyoshuka.

Chini ya meza nina sahani ya sumaku ninamotupia skrubu na vyuma visivyo na mwenyewe. Nikaimwaga kwenye kitambaa cheupe. Ilinichukua dakika kumi. Kibati kilikuwa kimeshika ukingoni, kina vumbi la miezi.

Saa 11:30 jioni

Nimesafisha konekta kwa spiriti, nimeibana, kibati, skrubu mbili, gundi mpya. Nikaitia mfukoni pamoja na funguo, nikatembea nayo, nikaruka nayo, nikaigonga mgongoni mpaka jirani akaniuliza kama ni mzima.

Mama alipofika nikamwambia hakuna malipo. Akashtuka kidogo. "Kwa nini? Umeshindwa?"

"Imepona. Kilisahaulika kibati cha kubana betri."

"Ni yule fundi wa kuziba pancha?"

"Ndiye, mama." Nikameza mate. "Ndiye mimi."

Akanitazama kwa muda. Akaichukua simu, akaitikisa mara tatu karibu na sikio, akaangalia skrini. Imewaka. Akaigeuza, akapitisha kidole pembezoni mwa mgongo.

"Safari hii gundi umepaka vizuri," akasema, akaitia mkobani.